Vimiba vya kioo kwenye tope la ziwa, na habari vinazotunza

Kuna siku nilikaa kwenye kibanda cha chai upande wa Mwanga, karibu na Ziwa Jipe, babu mmoja na kijana wa bodaboda wakawa wanabishana. Babu anasema pale penye magugu yeye alikuwa anaogelea, maji meupe, unaona mawe chini, na perege wanapita. Kijana anasema hapana babu, ziwa hili limekuwa hivi hivi siku zote, linapungua kiangazi mvua zikija linarudi, shida ni ukame tu. Wakabishana mpaka chai ikaisha na hakuna aliyemshinda mwenzake, maana babu ana kumbukumbu ya miaka kama sitini hivi na kijana ana ya miaka ishirini, na ziwa lina umri mkubwa kuliko wao wote wawili na babu zao pia.

Mi nikabaki nawaza kwamba kuna shahidi pale ambaye hakuulizwa. Tope. Chini ya kila ziwa kuna tope linaloshuka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, la leo juu ya la jana, na ndani yake mna chavua za mimea, majivu ya moto, mifupa ya samaki, magamba ya vijimea vidogo vinavyoitwa diatomu, hivi vyote wataalamu huvisoma. Ila kuna kingine ambacho hakitajwi sana, hata kwa wenzetu wanaosoma mashapo kwa kazi, mara nyingi wanakiona kwenye hadubini wanakiruka. Ni vimiba vya sifongo wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Nataka nikieleze vizuri hiki maana naamini kwa maziwa yetu ya huku Kilimanjaro na Arusha kinaweza kutusaidia sana.

Kwanza sifongo mwenyewe. Ukisema sponji watu wanafikiria ya kuoshea vyombo, au dodoki la kuogea, ambalo ni tunda la mmea na halihusiani kabisa. Waliofika Jambiani kule Unguja wanajua sifongo wa baharini anayefugwa na akina mama kwenye kamba. Lakini wachache wanajua kwamba wapo wa maziwani na mitoni pia, aina zaidi ya 200 duniani, kutoka Amazon mpaka Ziwa Baikal kule Urusi ambako wale wa kijani wanasimama kama matawi ya mti na wengine wanakaribia mita moja, na hapa kwetu Ziwa Tanganyika lina wa kwake ambao walielezwa kisayansi tangu mwisho wa miaka ya 1800. Wengi hawana urefu huo. Wanakaa kama ukoko juu ya jiwe, gogo lililozama, mashina ya matete, hata juu ya makombe ya konokono, rangi ya kahawia au njano au kijani, na mtu akiona anasema hiyo ni kuvu au ukoga tu. Kumbe ni mnyama. Hana mdomo, hana tumbo, hana macho, ila mwili wake wote una vitundu vidogo na ndani yake kuna seli zenye mikia inayopiga piga bila kupumzika, maji yanaingia kwa vitundu vidogo yanatokea kwenye tundu kubwa, na katikati ya hapo yeye anachuja bakteria na vijimea anakula. Wale wa kijani wamepata rangi hiyo kwa sababu wamehifadhi ndani yao vijimea vidogo vinavyotengeneza chakula kwa jua, kwa hiyo wanahitaji mwanga. Shika hilo la mwanga, tutalirudia.

Sasa mnyama laini hivi anasimamaje? Anajijengea mifupa ya kioo. Silika ile ile ambayo ipo kwenye mchanga na kwenye kioo cha dirisha, ikiwa imeyeyuka ndani ya maji, sifongo anaichukua na seli maalumu zinaipanga kuzunguka uzi mwembamba wa protini mpaka inakuwa kijimwiba kilichochongoka, na kazi hiyo kwa kimiba kimoja inaweza kuisha ndani ya siku mbili hivi. Urefu wake kwa kawaida ni kama robo ya milimita, jicho halikioni kimoja kimoja, ila ngozi inakihisi, ukishika sifongo wa mtoni ukajifuta mkono unawashwa. Kule Amazon hili wanalijua tangu zamani, tena walilifanyia kazi, wafinyanzi wa kale walichoma sifongo wakachanganya majivu yake yenye vimiba na udongo ili chungu kiwe imara, na vipande vya vyungu hivyo mpaka leo ukiviweka kwenye hadubini unaona vimiba vimejaa. Na huko huko Brazili kuna vidimbwi ambavyo chini yake vimiba vimerundikana mpaka vikawa tabaka zima la ardhi, watu wanachimba wanafyatulia matofali. Fikiria, mnyama ambaye hatumjui amejaza ardhi kwa mifupa yake.

Akifa, nyama yake inaoza haraka, vimiba vinaachana vinaanguka kwenye tope. Na hapo ndo habari inaanzia, kwa sababu vimiba havifanani. Kuna vikubwa vya kujenga mwili, hivi vingi ni vijiti tu vilivyochongoka ncha mbili au vya ncha butu, na kwa kweli ukiona hivi peke yake ni shida kumtambua mwenyewe, aina nyingi zinafanana. Kuna vidogo zaidi ambavyo vinatawanyika kwenye nyama, si kila aina anavyo. Halafu kuna vya tatu na hivi ndo dhahabu: vimiba vya gemuli. Gemuli ni kama kifuko cha akiba, kidogo kama chembe ya mchanga au punje ya ulezi hivi, sifongo anakitengeneza akiona hali inakuwa mbaya, maji yanapungua au baridi inakuja, anaweka seli zake ndani anafunga kwa ganda gumu, yeye mwenyewe anakufa ila kifuko kinasubiri. Kinaweza kukaa pakavu kwa miezi na maji yakirudi kinaamka sifongo mpya anaanza. Ganda la hicho kifuko limezungushiwa vimiba vya pekee, kwa aina nyingine vinafanana na magurudumu mawili yaliyounganishwa na ekseli, kwa nyingine ni vijiti vilivyopinda vyenye miiba miiba, na kwa hivi mtaalamu anaweza kusema huyu ni fulani bila kumuona mwenyewe, hata kama alikufa miaka elfu kumi iliyopita.

Ukishajua nani aliishi, unauliza alihitaji nini. Sifongo anahitaji kitu kigumu cha kushikilia, hawezi kuishi katikati ya tope laini la ziwa wazi, kwa hiyo vimiba vingi maana yake karibu hapo palikuwa na mawe au miti au mashina ya majani ya majini. Na vimiba ni vizito kuliko diatomu, havisafiri mbali sana vikishaanguka, kwa hiyo ukichimba katikati ya ziwa ukakuta tabaka ambalo ghafla lina vimiba tele, moja ya maelezo ni kwamba ufukwe ulisogea karibu na pale unapochimba, yaani ziwa lilipungua. Maelezo mengine ni kwamba mto uliingia kwa nguvu ukavibeba kutoka juu. Utajuaje ni lipi? Unaangalia wenzake: kama kuna mchanga na vipande vya majani ya mtoni unashuku mto, kama diatomu wa maji ya kina kirefu wamepungua na wale wa kushikilia mimea wameongezeka unashuku ufukwe. Vimiba vya gemuli vikizidi sana ukilinganisha na vya mwili, unaanza kufikiria maji ambayo yalikuwa yanakauka na kurudi, maana sifongo wa pale walikuwa kila mara wanaweka akiba. Na maji yakijaa udongo, sifongo anaziba vitundu vyake, wale wa kijani wanakosa mwanga, wanapungua. Hapo unaanza kuona kwanini mabishano ya babu na kijana yananihusu mimi na vimiba.

Kuna lingine ambalo mi naliona zuri kuliko yote. Unene na ukubwa wa kimiba unafuata kiasi cha silika kilichokuwa kwenye maji. Maji yenye silika kidogo, sifongo wa aina ile ile anatengeneza vimiba vyembamba na vifupi, kama fundi aliyepewa saruji kidogo. Mwaka 1991 watafiti walitoa kazi kuhusu maziwa ya kaskazini mwa Wisconsin, Marekani, walipima vimiba kutoka tabaka moja hadi lingine wakaona vinapungua ukubwa, wakasoma kutoka hapo kwamba silika kwenye maziwa hayo imekuwa ikishuka kwa miaka 12,000. Hawakuwa na sampo ya maji ya zamani, nani angekuwa nayo, walikuwa na vimiba tu. Kwetu huku mawe ni ya volkano, Kilimanjaro na Meru, na mawe ya volkano yanaachia silika kwa urahisi maji yakipita ndani yake, kwa hiyo ukichukua ziwa linalolishwa na chemchemi za mlimani na pia na mvua ya juu, mabadiliko ya unene wa vimiba yanaweza kukuonyesha lini chemchemi zilikuwa na nguvu na lini hazikuwa. Ila usikimbilie, diatomu nao wanakula silika hiyo hiyo, wakiwa wengi sana wanammalizia sifongo, kwa hiyo vimiba vyembamba si lazima chemchemi imepungua, inawezekana jirani amekula.

Na hapa niseme wazi kuhusu mitego, maana nimeona watu wakishapenda kitu wanakiamini kupita kiasi. Mtego mkubwa kwa kanda yetu ni magadi. Kioo cha vimiba kinayeyuka kwenye maji ya magadi, pH, yaani kipimo cha uchachu au ugadi wa maji, ikipita 9 kasi ya kuyeyuka inapanda sana. Sasa angalia tulivyo navyo: Manyara ni magadi, Natron ndo usiseme, yale maziwa ya Momella kule hifadhi ya Arusha nayo ni magadi. Ukichimba kwenye ziwa la namna hiyo ukakuta tabaka halina vimiba, huwezi kusema sifongo hakuwepo, inawezekana alikuwepo kipindi maji yalikuwa mazuri afu baadaye magadi yakaingia kwenye tope yakala ushahidi. Bahati nzuri kimiba kikianza kuliwa kinaacha alama. Katikati yake kuna tundu refu jembamba pale ulipokuwa uzi wa protini, na kuyeyuka kunalipanua tundu hilo kutokea ndani, kwa hiyo mtu akiona vimiba vyenye tundu pana na ncha zilizolika, anajua hapa pana upotevu na anaandika hivyo kwenye daftari lake kabla ya kuhesabu. Kama tabaka lina vimiba vichache lakini vizima, ving'aavyo, hiyo ni habari tofauti kabisa na tabaka lenye vimiba vichache vilivyoliwa. Idadi ni ile ile, maana si ile ile.

Mtego wa pili ni hesabu yenyewe. Chukulia gramu moja ya tope ina vimiba 1,000. Halafu watu wakakata msitu juu mlimani, udongo ukaanza kuteremka mara mbili ya mwanzo, sifongo wenyewe hawajapungua hata mmoja, gramu ile sasa ina vimiba 500. Mtu asiyejua anatangaza sifongo wamekufa nusu. Kumbe ni kama uji ulioongezwa maji, sukari ni ile ile ila utamu umepungua. Ndo maana lazima ujue tope lilikuwa linashuka kwa kasi gani kila kipindi, ugeuze hesabu iwe vimiba vingapi vilianguka kwenye eneo fulani kwa mwaka. Bila tarehe nzuri za tabaka, hesabu ya vimiba ni nusu kazi.

Na vimiba vinasafiri kwa upepo pia. Ziwa likikauka, vumbi lake linabeba kila kilichokuwemo, kule Chad kwenye bonde la Bodélé ambalo zamani lilikuwa chini ya ziwa kubwa, upepo unainua vumbi lenye diatomu wa kale na kulipeleka mpaka upande wa pili wa Atlantiki. Kwa hiyo vimiba viwili vitatu vilivyovunjika kwenye tope la ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, visikufanye uandike historia nzima.

Tope lenyewe linapatikanaje: watu wanaenda na boti au jukwaa linaloelea, wanashusha bomba, wanalizamisha kwenye tope bila kulivuruga, wanatoa nguzo ya tope ambayo juu ni leo na chini ni zamani. Wanaikata kwa urefu, wanapima, wanachukua vijisampo kila sentimita kadhaa. Maabara sampo inachemshwa na haidrojeni peroksaidi kuondoa uozo wa mimea, na asidi kuondoa chokaa, kinachobaki kinaoshwa kinawekwa kwenye slaidi. Wengine wanaongeza idadi inayojulikana ya chembe za kigeni ili wapige hesabu ya jumla kwa kulinganisha, kama mtu anayetaka kujua maharage mangapi yapo kwenye gunia akachanganya punje 100 za mahindi, akachota bakuli akaangalia uwiano. Na hapa kuna jambo moja ambalo nikipata mwanafunzi yeyote wa mambo haya namwambia: wale wanaosoma chavua wanatumia asidi ya haidrofloriki kuondoa mchanga, na asidi hiyo inakula kioo. Slaidi iliyotengenezwa kwa ajili ya chavua haina vimiba, haiwezi kuwa navyo. Kwa hiyo sampo igawanywe mapema. Tarehe zinatoka kwenye kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi ambayo inapungua nusu kila miaka 5,730, na kwa miaka mia na hamsini ya karibuni wanatumia risasi 210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi ambayo nusu yake inaisha kwa miaka kama 22. Huku kwetu majivu ya volkano nayo yanasaidia kufunga tabaka.

Sasa maziwa yetu. Chala, pale juu ya Holili ukielekea Rombo, nusu Tanzania nusu Kenya, ni kreta yenye kina kama mita 90 na linalishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro. Mwaka 2016 timu ya kimataifa iliyoongozwa na Dirk Verschuren wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, ilitoboa tope la Chala wakatoa karibu mita 215, habari ya miaka kama 250,000. Tope la pale lina mistari myembamba, mweupe na mweusi, mweupe ni wa diatomu waliostawi kipindi cha kiangazi chenye upepo, yaani unaweza kuhesabu miaka kama pete za mti. Kreta yenye kuta za mawe zilizosimama wima ni mahali ambapo ufukwe haupo mbali, ziwa likishuka mita ishirini mawe mengine yanatokea na mengine yanazama, na katika nguzo kama ile swali la vimiba ni swali la haki kuuliza. Duluti, hapa Tengeru, ni kreta pia ila ndogo na ya kina kifupi, imezungukwa na msitu mwembamba na nje ya msitu ni mashamba ya kahawa, migomba na nyumba za watu. Mi Duluti naliwaza kwa ajili ya udongo: mashamba yalipoanza kuzunguka, maji yalichafuka kiasi gani, na ule ukanda wa msitu umesaidia kweli au tunajipa moyo.

Nyumba ya Mungu nalo lina faida ambayo maziwa ya asili hayana. Bwawa lilijengwa miaka ya 1960, kwa hiyo chini ya tope lake kuna ardhi ya zamani, udongo wa nchi kavu, na mpaka kati ya udongo huo na tope unajulikana umri wake. Ukianza kuhesabu hapo kwenda juu unaweza kujua maji mapya yanachukua muda gani mpaka sifongo aingie, na mito ya Kikuletwa na Ruvu inaleta nini wakati wa mafuriko. Ukishajua vimiba vinavyoletwa na mto vinaonekanaje, umepata kipimo cha kupelekea kwingine.

Narudi Jipe. Ni ziwa la kina kifupi sana, mita tatu hivi, Mto Lumi unaingia ukiwa na udongo kutoka upande wa Mawenzi, na magugu yamefunika sehemu kubwa ya kando. Kama ingekuwa juu yangu, ningetoa nguzo mbili. Moja nje kwenye maji wazi, nyingine ndani ya magugu, pale pale babu aliponyoosha kidole akasema aliogelea. Kwenye hiyo ya pili ningetafuta kitu kimoja kabla ya vingine vyote: je, chini ya tope jeusi la mizizi kuna tabaka lenye vimiba vikubwa vizima, vya sifongo wa kukaa kwenye mawe, pamoja na diatomu wa maji maangavu? Kama lipo, na risasi 210 ikasema ni la miaka sitini, sabini nyuma, babu alikuwa anaogelea kweli. Kama chini ya mizizi kuna mizizi mingine, na vimiba vilivyopo ni vya gemuli tabaka baada ya tabaka, maji yakija na kuondoka kwa mamia ya miaka, basi kijana ana hoja. Na inawezekana kabisa vyote viwili vikakutwa kwenye nguzo hiyo hiyo, kipindi cha magugu, kipindi cha maji meupe, kisha magugu tena, na hapo wazee wa Jipe na vijana wake itabidi wakae kibandani wabishane upya, safari hii wakiwa na kitu cha kuwekana mezani.